Vifaa vya kuongeza ili PC ya kawaida iendeshe macOS: kipi ununue, kipi uache

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaotaka macOS kwenye PC zao ni hili: hamna kifaa cha kununua, unachomeka tu, mambo yanaisha? Vifaa vipo vingi jamani, ila hamna kimoja kinachomaliza kila kitu, na hela nyingi inapotea pale mtu anaponunua kwa kusoma jina la kwenye boksi badala ya kuuliza ndani kuna chipu gani. Nimefunga mashine za namna hii kwa miaka kadhaa sasa, zangu na za watu, kwaiyo naviweka hapa kimoja pembeni ya kingine na nasema kila kimoja kinakupa nini na kinakunyima nini, alafu we utachagua.

Kabla sijaanza kuna kipimo nakitumia kwa kila kifaa na naomba mkishike. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS Tahoe, yaani toleo la 26, ndo la mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel, baada ya hapo ni chipu za Apple wenyewe tu. PC zetu zote, iwe ina Intel au AMD, zinaishi kwa kujifanya Mac ya Intel, mlango ukifungwa kule umefungwa na huku. Sio kwamba mashine itazima siku hiyo, Sonoma au Sequoia yako (matoleo ya macOS yanafuatana hivi: High Sierra, Mojave, Catalina, Big Sur, Monterey, Ventura, Sonoma, Sequoia, alafu Tahoe) itaendelea kuwaka na kufanya kazi kama kawaida, ila matoleo mapya hamna. Ndo maana sasa hivi kabla sijamshauri mtu anunue kitu najiuliza: siku akirudi Windows au akihamia Linux, hiki kifaa kitabaki na kazi? Kama hakibaki basi kiwe cha bei ndogo sana au kiachwe kabisa.

Kidude cha USB cha "chomeka uwashe" dhidi ya flashi ya kawaida

Hiki kitu kilikuwepo kweli, sio hadithi. Mwaka 2008 kilitoka kidude kinaitwa EFiX, kidogo kama flashi, hakichomekwi nje kama flashi zingine, kinakaa ndani ya kasha kwenye zile pini za USB za mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Ukishakifunga unaiambia BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ianzie hapo, unaweka DVD ya Leopard, Mac OS X ya kipindi hicho, ya dukani kabisa, inasakinisha kama vile mashine ni Mac. Kipindi hicho ilionekana kama muujiza kwa sababu Mac za Intel zilikuwa zinawaka kwa EFI, mfumo mpya zaidi wa kuwashia mashine, wakati PC nyingi bado zilikuwa na BIOS ya zamani, kwaiyo lazima kitu kikae katikati kitafsiri. Shida yake ilikuwa orodha ya vifaa kinavyovikubali, ilikuwa fupi, mazabodi fulani na kadi za grafiksi fulani, ukiwa nje ya orodha kidude hakikusaidii na fimwea yake (programu ya ndani ya kifaa) inatoka kwa mtengenezaji peke yake, yeye akiacha na we umeachwa.

Sasa kazi ileile ya kutafsiri inafanywa na programu za bure na imekuwa hivyo muda mrefu, ilianza Boot-132, ikaja Chameleon, ikaja Clover, na tangu 2019 tunayo OpenCore ambayo ndo kila mtu makini anaitumia. OpenCore inakaa kwenye flashi yoyote uliyonayo au kwenye kipande kidogo cha SSD yako kinachoitwa EFI, na tofauti kubwa na kile kidude ni kwamba unaweza kuifungua ukaona kila mstari na ukabadilisha mwenyewe. Ni kweli inakutaka usome, mtu wa mara ya kwanza ategemee wikendi nzima na pengine wikendi ya pili, lakini ukimaliza unaijua mashine yako.

Kwaiyo ukikutana na mtu anauza flashi anasema "hii ina macOS tayari, inafanya kazi kwenye PC yoyote", achana nayo. Ndani yake ni faili la OpenCore alilolitengeneza kwa ajili ya mashine yake, yako ina mazabodi tofauti, sauti tofauti, porti tofauti, na mbaya zaidi hujui kaweka nini kingine humo ndani na unataka kuingiza neno la siri la akaunti yako. Flashi tupu ya GB 16 na subira vinatosha. Hapa sina la kupima mara mbili, flashi yako mwenyewe inashinda na siku ukiacha macOS inabaki flashi.

Kadi ya grafiksi, hapa ndo pa kuweka hela

Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu basi iwe hiki. macOS bila draiva ya grafiksi (programu inayoifanya iongee na kadi) inawaka, ndio, lakini madirisha yanavutika kama yamekwama kwenye matope, video zinagonga, programu nyingi hazifunguki kabisa kwa sababu zinadai Metal, mfumo wa Apple wa kuchora picha kwa kadi ya grafiksi. Watu wengi wakikutana na hali hiyo wanalaumu RAM au SSD.

Ila angalia kwanza kama unahitaji. Prosesa za Intel za kizazi cha 8, cha 9 na cha 10 za desktopu nyingi zina UHD 630 ndani yake, na hiyo macOS inaijua vizuri, mtu wa kuandika, kuvinjari, kuedit picha kidogo anaenda nayo bila kununua chochote. Zile zenye herufi F mwishoni, kama i5-10400F, hazina grafiksi ndani kwaiyo lazima kadi. Na kuanzia kizazi cha 11 kwenda juu grafiksi ya ndani macOS haiitambui kabisa, UHD 730, 750, 770, Iris Xe, zote hamna. Mwenye laptopu ya kizazi cha 11 kwenda mbele hana njia hapa, nasema mapema ili asipoteze muda maana laptopu huwezi kuichomeka kadi.

Kuhusu Nvidia nitapita haraka. GTX 10 inaishia High Sierra, ya mwaka 2017, kwa sababu draiva za baada ya hapo hazikuwahi kutoka. RTX zote hazijawahi kufanya kazi hata siku moja. Zile za zamani za familia ya Kepler zilifika mpaka Big Sur zikaondolewa kwenye Monterey. Kama unayo RTX ndani ya mashine iache kwa ajili ya Windows, kwa macOS tumia UHD 630 kama unayo na uizime RTX kwenye OpenCore.

Tunabaki na AMD, na mashindano ya kweli ni kati ya RX 580 na RX 6600.

RX 580 ni ya mwaka 2017, ipo kila kona mkono wa pili, na faida yake kubwa ni kwamba haina mambo mengi, unaichomeka, macOS inaijua tangu enzi za High Sierra, hamna cha kuandika kwenye OpenCore ili iwake. Ina VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) ya GB 8 kwenye matoleo mengi (kuna ya GB 4 pia, uliza). Ubaya, inakula umeme, watt 185, inapasha joto, na nyingi zinazouzwa sasa zilichimbia sarafu za kidijitali usiku na mchana kwa miaka, kwaiyo feni zake sikiliza kwa sikio lako kabla hujatoa hela. Kitu kingine ambacho wengi hawajui ni kwamba kuanzia Ventura draiva za familia hii zinadai prosesa yenye AVX2, yaani Intel kizazi cha 4 na kuendelea, mwenye i7 ya kizazi cha 2 au cha 3 akiweka RX 580 akategemea Ventura atakwama. Na Metal 3 haipati.

RX 6600 ni ya mwaka 2021, ina GB 8, inakula watt 132, waya mmoja tu wa umeme wa pini 8, inapoa, ina Metal 3, na kwa kuedit video iko mbele kabisa ya mwenzake. Inahitaji Monterey 12.1 au toleo la juu yake, na inahitaji uandike neno moja kwenye boot-args za OpenCore (mstari wa maagizo ya kuwashia), agdpmod=pikera, bila hilo unaona tufaha na mstari unajaa, alafu skrini inageuka nyeusi tii, mashine inaendelea kuunguruma na we unadhani kadi imeungua. Nimeshapigiwa simu usiku na mtu anataka kuirudisha dukani, kumbe ni hilo neno tu.

Kwangu mimi RX 6600 inashinda, na sababu ni kile kipimo cha mwanzo, siku macOS ikiisha inabaki kadi nzuri ya Windows na Linux kwa miaka mingine, wakati RX 580 unanunua kitu kilichochoka tayari. RX 580 nunua kama unataka kubaki kwenye High Sierra au Mojave kwa ajili ya programu za zamani, za biti 32 hasa ambazo Catalina ilizikataa, au kama umepewa bure.

Sasa mitego. RX 6700 XT watu wanadhani kwa sababu iko kati ya 6600 na 6800 basi itafanya kazi, hapana, chipu yake ni Navi 22 na Apple hawakuwahi kuiweka kwenye Mac yoyote, kuna draiva ya kujitolea inaitwa NootRX inaisaidia lakini mimi sikushauri kununua kitu kipya ukitegemea hiyo. RX 6400 na 6500 XT hamna. Familia yote ya RX 7000 hamna. RX 5700 na 5700 XT zinafanya kazi na zinahitaji neno lilelile la pikera.

Na mtego uliyoniuma mwenyewe ni RX 550. Niliitaka kwa sababu ni ndogo, haina waya wa umeme, inafaa kwenye makasha membamba. Boksi limeandikwa RX 550, muuzaji kaniambia AMD zote zinakubali, nikalipa. Nikafunga, Windows ikaiona vizuri kabisa, macOS ikagoma siku mbili nzima, nikabadilisha kila kitu kwenye OpenCore mpaka macho yakauma. Mwisho nikafungua GPU-Z, programu inayosoma kadi, kwenye Windows nikaangalia mstari wa GPU, pale panapoandikwa jina la chipu, nikakuta Lexa. Kumbe RX 550 zimetoka na chipu mbili tofauti, Baffin ambayo macOS inaijua na Lexa ambayo haijui, na nje ya boksi hamna tofauti hata ya herufi moja. Kuna watu wanaidanganya mfumo ione kama ni kadi nyingine na inawaka, ila sikuwa na amani nayo, ikawa inaganda nikitoka kwenye usingizi. Tangu siku hiyo muuzaji lazima anionyeshe picha ya GPU-Z, akikataa naondoka.

Waifai na Bluetooth: Broadcom, Intel au waya

Hapa ndo penye ubishi mwingi na ushauri umebadilika sana, kwaiyo ukisoma maelezo ya mwaka 2020 utapotea.

Zamani jibu lilikuwa moja, nunua kadi yenye chipu ya Broadcom BCM94360CD, ambayo ni ileile iliyokuwa ndani ya iMac. Fenvi T919 ndo maarufu zaidi, inachomekwa kwenye sloti ya PCIe ya mazabodi, antena nne kwa nyuma, tatu za waifai na moja ya Bluetooth, na kwenye matoleo mpaka Ventura unaichomeka tu na kila kitu kinawaka bila draiva hata moja, AirDrop (kurushiana mafaili na iPhone bila waya) inafanya kazi, Handoff (kuendeleza kazi uliyoanza kwenye iPhone), kufungua mashine kwa Apple Watch, vyote. Mtu aliyewahi kuitumia anaelewa kwa nini tuliipenda. Kwa laptopu na mazabodi zenye sloti ya M.2 ilikuwepo BCM94360NG, nayo vilevile.

Wengine walikuwa wanachukua kadi iliyotolewa kwenye Mac yenyewe, kama BCM94360CS2 ya MacBook Air, wanaifunga kwenye adapta. Inafanya kazi sawasawa, ila ile kadi ina meno ya Apple peke yao, haiingii M.2 wala mini PCIe bila adapta, na vile vichomeo vya antena ni vidogo kama mbegu ya ufuta, ukikandamiza kwa pembeni kimoja kinang'oka na hakirudi. Bonyeza kwa juu, wima, mpaka usikie kale kamlio.

Alafu ikaja Sonoma mwaka 2023, Apple wakaziondoa hizi Broadcom za zamani kwenye mfumo. Sasa ukiwa na T919 kwenye Sonoma au Sequoia waifai haiwaki mpaka upachike viraka kwa programu ya OpenCore Legacy Patcher, na ili viraka vikae lazima ulegeze ulinzi wa mfumo. Inafanya kazi, mi mwenyewe nilikaa hivyo mwaka mzima, ila kila macOS ikiapdeti viraka vinafutika na waifai inazima mpaka uvirudishe, na apdeti zenyewe zinashuka nzima, ma-GB kwa ma-GB, badala ya kile kipande kidogo. Kama huna waya wa mtandao pembeni siku hiyo unabaki umekaa unaangalia skrini.

Intel ni upande wa pili. Kadi kama AX200 au AX210 ziko kwenye laptopu na mazabodi nyingi tayari, yaani hununui kitu, na draiva zake zinatengenezwa na wanaojitolea wa OpenIntelWireless. Kuna njia mbili, AirportItlwm ambayo inakupa menyu ya waifai ileile ya Apple, na itlwm ambayo inakwenda na programu ndogo inaitwa HeliPort kwa ajili ya kuchagua mtandao. Kwenye matoleo mapya utaishia kwenye hii ya pili mara nyingi, na mimi naiona ndo imara zaidi. Intaneti inakwenda vizuri, sio kasi yote kadi inayoweza ila kwa kutazama, mikutano ya video na kudownload haikupi shida. Bluetooth nayo inawaka kwa draiva yake ya IntelBluetoothFirmware, kibodi na visikizi vinaunganika. Unachokosa ni AirDrop. Hakipo, na sio kwamba hujaseti vizuri, hakipo.

Kwaiyo jiulize kwa ukweli kabisa, unatumia AirDrop? Mtu mwenye iPhone anayepiga picha kila siku na kuzihamishia kwenye mashine kwa AirDrop, huyo T919 pamoja na Ventura, au T919 na viraka, inamfaa. Mwenye Android hana sababu hata moja ya kununua Broadcom leo, Intel aliyonayo inatosha. Na ukikumbuka kipimo chetu, AX210 siku ukirudi Windows ni kadi ya kisasa ya waifai 6E, T919 ni kadi ya waifai 5 yenye Bluetooth 4.0, unaona yenyewe.

Njia ya tatu ni ya bei ndogo kuliko zote na watu wanaidharau, waya. Mazabodi nyingi zina Ethernet ya Realtek au Intel ambayo inawaka kwa draiva moja ndogo. Kama yako inasumbua, na ile Intel I225-V imesumbua wengi, chukua adapta ya USB ya Ethernet yenye chipu ya RTL8153, macOS inaitambua yenyewe bila kuongeza chochote. Mimi ninayo moja siku zote kwenye droo, kila mashine ninayoifunga naanza nayo, waifai baadaye.

Vile vidude vidogo vya waifai vya kuchomeka USB sivipendi na siwezi kukushauri, draiva zake ni za kubahatisha na kila toleo jipya la macOS linazivunja.

Jambo moja kuhusu Bluetooth ya hizi kadi za PCIe, T919 na ndugu zake. Waifai inapita kwenye sloti lakini Bluetooth haipiti hapo, inapita kwenye kawaya kembamba kanakotoka kwenye kadi kwenda kwenye pini za USB za ndani ya mazabodi, zile tisa, safu mbili, moja ya kona haina pini. Watu wanakasahau ndani ya boksi alafu wanasema kadi mbovu. Na hata ukikachomeka, macOS inahesabu porti, mwisho 15 kwa kila kontrola ya USB, na porti moja ya USB 3 inahesabiwa mbili, kwaiyo kama kwenye ramani yako ya USB (orodha ya porti unayoipa macOS) ulizima zile pini za ndani ili ubaki ndani ya 15, Bluetooth haitaonekana kamwe. Mimi nilipoteza jioni mbili hapo. Waifai inawaka inapendeza, Bluetooth kimya, nikatoa kadi nikairudisha, nikabadilisha draiva, kumbe porti namba 13 niliifuta mwenyewe wiki iliyopita.

Vingine kwa ufupi

Kwenye sauti, mpaka Sequoia hununui kitu, draiva ya bure ya AppleALC inawasha sauti ya mazabodi ukipata namba sahihi ya layout, yaani mpangilio wa sauti. Kwenye Tahoe Apple wameondoa AppleHDA, draiva yao ya sauti, ambayo AppleALC inaiegemea, kwaiyo sauti ya mazabodi inakufa mpaka upachike viraka tena. Hapo kiadapta cha sauti cha USB cha kawaida kabisa kinamaliza kazi bila draiva. Kati ya kupachika viraka kwa ajili ya spika na kununua hicho kidude, nunua kidude, kinafanya kazi kwenye kila mfumo duniani.

SSD za NVMe, zile za kasi za kuchomeka kwenye sloti ya M.2, kuna chache za kukimbia. Samsung PM981 ambayo inakuja ndani ya laptopu nyingi inaufanya mfumo upaniki na kujizima katikati ya usakinishaji, PM991 na Micron 2200S nazo ni sumbufu. 970 EVO Plus ilikuwa na shida hiyo ila fimwea mpya ilitibu, iapdeti kwanza kwenye Windows. Na Samsung kwa ujumla kuanzia Monterey zinachelewa kuwaka kwa sababu ya TRIM (usafishaji wa nafasi tupu za SSD), sio mbovu, inachelewa tu. WD kama SN750 au SN770 hazijawahi kunipa presha. Ukiwa na PM981 na hutaki kununua NVMe nyingine, SSD ya SATA ya kawaida inakutosha, tofauti utaiona kwenye kuhamisha mafaili makubwa, kwingine hutaiona.

Kadi ya kuongeza porti za USB, tafuta yenye chipu ya FL1100, inawaka yenyewe, na porti zake hazihesabiwi kwenye zile 15 za mazabodi kwa sababu ni kontrola nyingine. Kwa mtu mwenye vifaa vingi vya muziki ni msaada mkubwa.

Thunderbolt za kuongeza, zile kadi za Titan Ridge, zinafanya kazi ila zinataka uingize fimwea nyingine kwa kifaa cha kushika chipu kwa mkono. Kama hujawahi kufanya hivyo na huna kifaa cha studio kinachodai Thunderbolt, pita.

Leseni, na Mac yenyewe

Hili lazima niliseme. Leseni ya macOS inaruhusu kuisakinisha kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple tu. Kampuni ya Psystar ya Florida ilianza kuuza PC zenye Mac OS X mwaka 2008, Apple wakaishtaki mwaka huohuo, 2009 mahakama ikaamua dhidi ya Psystar na biashara ikafa. Kwaiyo usiuze mashine hizi kwa watu, na usiweke ofisi nzima juu yake. Mimi nazifunga kwa kujifunza na kwa matumizi ya nyumbani, na kila ninayemfungia namwambia hivyo kabla sijashika bisibisi.

Na piga hesabu mapema. Andika kwenye karatasi vyote unavyohitaji kununua ili PC yako ikubali, kadi, waifai, SSD, kila kitu. Kama jumla inakaribia bei ya Mac mini ya M1 mkono wa pili, ile ya mwaka 2020, nunua Mac mini. Inawaka, haina viraka, AirDrop ipo, inakula umeme kidogo, na Tahoe sio mwisho wake. Nimewashauri watu wengi hivyo na hakuna aliyenirudia kulalamika. PC yenye macOS ina maana pale ambapo mashine tayari unayo na kinachopungua ni kitu kimoja au viwili.

Nitoe mifano mitatu ya nilivyoamua karibuni. Kijana mwenye i5-8400, RAM GB 16, hana kadi ya grafiksi, anajifunza kutengeneza app za iPhone, nilimwambia asinunue chochote isipokuwa adapta ya RTL8153, UHD 630 imemtosha, Xcode, programu ya kutengenezea app, inakwenda, yuko Sequoia. Wa pili ana i5-12400F na GTX 1660, anaedit video za harusi, huyo tuliuza GTX tukaweka RX 6600, prosesa yake tukaiweka ijifanye Comet Lake (Intel kizazi cha 10) kwenye OpenCore maana Apple hawakuwahi kutumia kizazi cha 12, waifai tukaacha ile Intel iliyokuja na mazabodi. Wa tatu ni dada mwenye laptopu ya kizazi cha 11 yenye Iris Xe na PM981 ndani, anataka Logic, programu ya muziki ya Apple, kwa ajili ya kwaya. Nikamwonyesha pale kwenye skrini jina la grafiksi yake, nikamweleza kwa nini hamna kadi wala kidude kitakachomsaidia, sasa hivi anaweka akiba ya Mac mini.

Ukishapata vifaa vyako, kabla hujafunga kasha, washa mashine ikiwa wazi, fungua ripoti ya mfumo kwenye macOS uone grafiksi imeandikwa jina lake kamili na ukubwa wa VRAM, Bluetooth ina namba ya chipu, alafu ilaze usingizi dakika tano uiamshe. Ikiamka na picha, sauti na kibodi vyote vipo, kaza skrubu.